Fundi Feruzi na Maneno Matatu ya Nesi

Weka mkono kifuani useme: sitamwambia mtu. Sema kwa sauti, masikio yangu mazito. Haya. Nami niliapishwa hivyohivyo, na aliyeniapisha alikuwa ameapishwa kabla yangu, kwa hiyo usijione wa pekee. Sogea.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na fundi cherehani pale Pangani, jina lake Feruzi. Mkewe, Bi Zaituni, ndiye aliyekuwa kungwi wa mji. Msichana haolewi mpaka Bi Zaituni amweke ndani siku saba, amfundishe mambo ambayo wewe na umri wako huo bado hujayajua. Wanaume walimpisha njiani, maana alijua nani hodari na nani husingizia mgongo.

Basi Bi Zaituni akaanza kusahau. Si kusahau kwako kwa kutafuta miwani iliyo usoni. Alikunywa chai, akaoga, akaketi, akasema Feruzi anamnyima chai. Akamtafuta uani mama yake aliyezikwa miaka thelathini nyuma. Feruzi akaona, akanyamaza. Alijisemea moyoni: wakijua, watampokonya ukungwi. Kisha watoto watatugawana kama mafungu ya dagaa, mmoja huku, mwingine kule. Miaka arobaini na sita sijakaa mbali na mwanamke huyu ila alipokwenda kwao kujifungua. Sitaanza leo, sina hata meno.

Ikaja harusi ya binti wa shehe. Kungwi alitakiwa ampelekee mama wa bwana harusi doti ya kanga ya kumkaribisha. Doti ikafunguliwa mbele ya wanawake mia, imeandikwa: MDOMO HUO PUNGUZA MWENZANGU. Mama wa bwana harusi akafunga kibwebwe.

"Nani kafunga doti hii?"

Feruzi akachungulia mlangoni. "Mimi. Kichwa changu kimetoboka kama chandarua."

Ikaja hitima. Makubazi ya kuvaa miguuni yakakutwa ndani ya sufuria ya wali wa nazi.

"Nani kayatia makubazi humu?"

"Mimi. Kichwa changu kimetoboka kama chandarua."

Wali tukaula. Usinitazame hivyo, wali wa nazi ni wali wa nazi.

Ikaja harusi nyingine. Bi Zaituni akamwita bibi harusi kwa jina la hawara wa bwana harusi, jina lenyewe nitakutajia pembeni.

"Nani kamtajia kungwi jina hilo?"

"Mimi. Kichwa changu kimetoboka kama chandarua."

Miaka miwili mji ukaamini kwamba fundi ameishiwa akili. Naye, ili uongo ukolee, akavaa kanzu nje ndani, akaliamkia bomba la maji shikamoo, tena akasimama akingoja marahaba.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, Bi Hidaya, jirani na shoga wa Bi Zaituni tangu utoto.

"Shemeji, unamdanganya nani?" alimwambia. "Wewe unakumbuka kiuno changu cha mwaka wa mafuriko, inchi kwa inchi."

"Kilikuwa ishirini na saba."

"Basi nyamaza, wasisikie cha sasa. Mgonjwa ni shoga yangu. Nimejua siku nyingi."

Feruzi akamwapisha asiseme. Bi Hidaya akaitunza siri vizuri sana, akamwambia dadake tu, na muuza vitumbua, na mimi. Lakini tusimwonee. Kila harusi alikaa nyuma ya mgongo wa kungwi akimnong'oneza maneno, na mji ukamsema kwamba anautaka ukungwi. Bi Zaituni akimuuliza, "Hidaya, mama hajapita hapa?" humjibu, "Kapita, kakusalimu." Akiulizwa mara thelathini hujibu mara thelathini, kila mara kana kwamba swali limefika leo kutoka Makka.

Habari za bomba zikamfikia binti yao, Mwamvua, aliyeolewa Morogoro. Akapanda basi, akaja, na asubuhi yake akamleta nesi wa zahanati, binti mmoja wa Kinyamwezi aitwaye Kalunde, mpole, ana daftari. Uani pakajaa. Walikuja wa kumpa pole fundi, wakaja wa kumcheka, na wengi walijia yote mawili.

"Baba namchukua Morogoro," Mwamvua akasema. "Mama atabaki na Bi Hidaya hapa."

Feruzi akapiga hesabu. Akisema yeye ni mzima, basi nani aliyepika makubazi? Akisema ni mgonjwa, anapakiwa kwenye basi.

"Kwanza nimpime," nesi akasema. "Ugonjwa huu si uchawi, na si uzee mtupu. Ni maradhi ya ubongo. Hayaponi, lakini yakijulikana mapema mtu anasaidiwa. Presha inatazamwa, anachangamshwa, hafungiwi ndani. Nitaandika mwangalizi mmoja. Huyo ndiye atakayekaa na mgonjwa, na neno lake litakuwa la mwisho. Haya babu, shika kalamu unichoree uso wa saa."

"We mwanangu," Bi Hidaya akadakia, "huyu shule aliiona kwa nje akipita na mzigo wa vitambaa. Muulize swala, muulize vipimo. Saa ya kuchora ya nini?"

Nesi akacheka, akairudisha karatasi. "Kweli, bibi. Chuoni walitupa karatasi moja ya watu wote. Basi babu, nitakupa maneno matatu: kijiko, pazia, mbuzi. Tupige soga kidogo, kisha unirudishie."

Wakapiga soga, mvua, bei ya nazi.

"Haya babu, maneno yangu?"

Feruzi alikuwa nayo yote matatu ulimini, akawaza: Nikiyasema, mke wangu ataumbuka. Nisipoyasema, naondoka. "Kijiko," akasema, kisha akakodoa macho kama mtu aliyeangukiwa na papai. Mwamvua akajifuta machozi.

"Bibi naye nimuulize," nesi akasema. "Ni kawaida, tunawauliza wote wawili." Akamtajia yaleyale matatu, akampa mgongo Feruzi, akapiga soga, akauliza.

Bi Zaituni akatabasamu tupu. Feruzi, nyuma ya nesi, akachomoa kijiko kwenye bakuli la uji, akakitia mdomoni.

"Kijiko!"

"Vizuri, bibi."

Feruzi akanyoosha mkono, akalitikisa pazia la mlango.

"Pazia!"

"Vizuri sana. Na la tatu?"

Feruzi akatazama huku na huku, akaiona mbuzi ya kukunia nazi chini, akaisukuma kwa kidole cha mguu.

"Nazi!"

"Hapana, bibi. Jaribu tena."

Feruzi akasimamisha vidole viwili juu ya kichwa.

"Shetani!" Uani kicheko.

 Mzee akafumba macho, akalia, "Mee-e-e!"

Nesi akageuka. Feruzi huyo hapo mbele ya mtaa mzima, kijiko mdomoni, mkono mmoja pazia, mwingine pembe.

"Babu, si wewe uliyesahau?"

Mwamvua ndiye aliyeelewa kwanza. "Baba! Miaka miwili! Mama anaumwa, na mimi nachekwa kwamba baba yangu anaamkia mabomba! Ungesema mapema angesaidiwa mapema. Nesi, niandike mimi. Nisingemleta nesi, wangeendelea na michezo yao."

"Uandikwe wewe?" Bi Hidaya akasimama. "Idi mbili hatukukuona! Mimi nimemjibu kila siku bila kumnunia, nimembebea ukungwi wake mgongoni. Niandike mimi."

"Na umbea wako? Nusu ya mji inajua!"

"Nusu tu!"

Feruzi akatoa kijiko. "Nimesema uongo, siwezi kukana. Aibu yake niliivaa mimi, yeye hana hata doa. Atakayetaka kumwita mwehu, aniite mimi. Niandike."

"Babu," nesi akasema taratibu, "nikikuuliza kama amemeza dawa, utanijibu nini? Kweli, au uongo mwingine?"

 Bi Zaituni akamvuta Bi Hidaya kanga, akanong'ona, lakini wote tukasikia:

"Huyu mzee anayelia kama mbuzi, wa nani? Anapendeza. Ameoa?"

Kalamu ya nesi ikasimama juu ya daftari, nafasi ya jina ni moja, na Feruzi hajaliachia pazia. Yuko mume aliyejivika usahaulifu wa mwenziwe na kumcheleweshea msaada. Yuko shoga aliyejibu mara thelathini na kusema mara tatu. Yuko binti aliyekuja mwisho na ukweli mkononi.

Je, nani alistahili kuandikwa?