Kata ya Nyamizi

Sogeeni motoni, masikio niachieni mimi. Nyamizi mfinyanzi alitoka ukoo wa mbali, hivyo mtemi alikataza mtu yeyote kunywea kata yake ya kuchotea maji.

Siku zimwi lilipovamia, lilitafuna wachungaji, likatafuna wapiganaji, likammeza mtemi mzima mzima. Waliobaki wakamsukuma Nyamizi nje ya boma na kata yake. "Likule wewe, najisi!"

"Mungu, hata mimi ni wako!" akalia. Kata ikageuka panga mkononi. Akalipasua zimwi tumbo, damu ikamrukia usoni, mtemi akaporomoka nje akihema.

"Maji," akaomba.

Panga likawa kata tena. Nyamizi akachota mtoni, akampa.

Mtemi akaitambua. "Niliwakataza watu kata hii."

"Ulikataza wewe, mtemi. Mungu hakukataza. Kunywa."

Akanywa mpaka tone la mwisho, nami nanyamaza.