Mwenye Mto Atoe Sumu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango ya kufunga na vyungu vya kupika, palikuwa na bonde lenye ukungu. Ukungu wa bonde hilo haukuwa na haraka. Uliamka baada ya watu, ukajinyoosha juu ya maji, kisha ukapita nyumba kwa nyumba kama mgeni asiyejua aingie wapi. Katikati yake ulipita mto, na mto ule ulikuwa na tabia ya kunong'ona. Ukikaa kingoni ukafumba macho, ungesema kuna mtu anakusimulia jambo, ila kila unapokaribia kulielewa usingizi unakuchukua.

Chini kabisa, kwenye kivuko ambako wote waliteka maji, aliishi Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo wa msituni, miguu kama njiti, na pua ndefu iliyopinda ambayo haijui kutulia. Watu walimtania kila siku.

"Sange, pua yako imeshafika. Wewe uko wapi?"

"Nakuja," alikuwa akijibu. "Imetangulia kuulizia chakula."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Kidawa, na huyo Kidawa ndiye aliyekuwa dunia yake nzima.

Huko juu, karibu na chemchemi, aliishi Kifaru na mshirika wake Nyati. Kazi yao ilikuwa kamba. Walikata majani ya mkonge, wakayaloweka kwenye mashimo waliyochimba ukingoni mwa mto, yakaoza, wakayakwangua wakatoa singa, zile nyuzi nyeupe, wakasokota. Tusiwaonee, kamba zao zilikuwa nzuri. Hakuna kitanda bondeni ambacho hakikusukwa kwa kamba za Kifaru, na ndiyo maana wengi waliona haya kumsema.

Lakini mkonge una utomvu mkali, unawasha. Kila mashimo yalipojaa, Nyati alizibua, na ule uchafu wa kijani ukaingia mtoni, gugugugu, ukateremka taratibu kuelekea kwa wenzao.

Kidawa akaanza kujikuna. Akajikuna mpaka manyoya ya tumboni yakaisha. Kisha tumbo lenyewe likaanza kumsokota, akawa halali, hali, anakaa mkekani anatazama ukungu.

"Mama," alisema asubuhi moja, "nimeota mto umekuja mlangoni kwetu."

"Umekuja kufanya nini?"

"Umevaa kaniki. Umekaa chini, umechoka. Ukauliza, mwenyewe yuko wapi?"

"Na wewe ukaujibu nini?"

"Sikuujibu. Nilikuwa na kiu."

Sange aligeuka haraka akajifanya anapuliza moto, maana machozi yalikuwa yanakuja. Alikuwa anachemsha maji. Alikuwa ameyachemsha jana na juzi pia, na kila alipoonja yalikuwa machungu vilevile. Akachukua chungu, akaenda nacho mtoni kuulizia.

Mtoni kulikuwa kimya. Vyura walikuwa wamehama. Samaki wadogo walikuwa wanaelea, tumbo juu. Kambare peke yake ndiye aliyetokeza, akafungua mdomo wake mpana, akavuta hewa.

"Kaka Kambare, unafanya nini huku juu?"

"Napumua, dada. Huko chini hakuna pumzi tena. Hayo majani yanayooza yanakula hewa yote ya majini. Mimi ninaweza kuja juu kuvuta. Wenzangu hawakuweza."

"Na haya maji mbona nayachemsha hayawi matamu?"

"Moto unaua vijidudu," alisema Kambare. "Utomvu hauna roho, utauua vipi? Ukichemsha, maji yanapungua, utomvu unabaki uleule."

Akazama, chubwi, na viputo vyake vikabaki juu kidogo kabla havijapasuka. Sange alibaki amekumbatia chungu chake. Kisha akarudi nyumbani, akamfunika Kidawa vizuri, akaanza kupanda kwenda juu.

Njia ilikuwa ndefu na ukungu ulikuwa mwororo, mpaka ungedhani miti inaogelea. Alipokaribia mashimo akamkuta Nyati anapanda na mtungi mabegani. Anayapita mashimo, anaupita mto, anakwenda zake kwenye chemchemi.

"Shikamoo, mjomba Nyati. Mbona unahangaika na kilima, na maji yako hapo miguuni pako?"

"Marahaba. Haya ya hapa?" Nyati akacheka. "Nani ayanywe haya?" Halafu akakumbuka anaongea na nani, akakohoa. "Maana yangu, yale ya chemchemi ni ya baridi zaidi."

Pua ya Sange ikacheza, akapita.

Kifaru alikuwa amelala juu ya lundo la singa, jicho moja wazi. Sange akamwamkia kwa heshima, akapiga magoti, akaeleza habari ya mtoto wake toka mwanzo mpaka mwisho. Kifaru alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Sikiliza, Sange," akasema. "Maji yanatembea. Yakitoka hapa yanapita kwenye mawe, yanapita kwenye mchanga, mpaka yafike kwako yameshajisafisha yenyewe. Huyo mtoto mpe ndimu."

Sange alikasirika hasa, mpaka pua yake ikasimama tuli. Lakini mtu anayeweza kulala ndani ya unyayo wa mwenzake hawezi kumpiga mwenzake huyo. Akameza hasira, akalegeza sauti.

"Nimekusikia, mzee. Basi nikupe jambo la pili, halafu niondoke. Kuna ndoto."

Jicho la pili la Kifaru likafunguka. Kifaru alipenda sana ndoto, hasa zenye yeye ndani.

"Mto umekuja mlangoni kwangu," Sange akasema, "umevaa kaniki, unauliza, mwenyewe yuko wapi? Nikashindwa kujibu. Nikasema niulize wakubwa. Hivi mto huu una mwenyewe?"

Hiyo ndiyo ndoto aliyoota Kidawa. Kilichofuata Sange alikiongeza mwenyewe.

"Maana wanabonde wanataka kumfanyia sherehe huyo mwenyewe. Kiti kimeshatengenezwa. Nyasi changa zitakatwa alfajiri. Watu watamwita Mwenye Mto, na siku hiyo yeye ndiye atakuwa mwenyeji wetu sote. Sasa wengine wanasema tumpe Tembo."

"Tembo?" Kifaru akasimama, singa zikamwagika. "Tembo ana nini na mto huu? Mto huu ni wangu, toka chemchemi mpaka huko unakoishia."

"Utasema hivyo mbele ya watu?"

"Nitasema hata nikiwa usingizini."

Sange akashukuru, akateremka mbio, miguu haionekani, akawaomba wanabonde waiandae sherehe hiyo kweli.

Sasa wanangu, mnajua desturi yetu. Mwenyeji akikuletea kinywaji haondoki tu. Anaonja kwanza yeye, kidogo, halafu ndipo anakupa. Tunaita kutoa sumu. Hakuna anayedhani kweli kuna sumu. Ni adabu tu, ni kusema nakupenda, kunywa usiogope. Bondeni kule desturi ilikuwa hiyohiyo, na mwenyeji asiyetoa sumu hakuna aliyegusa chakula chake.

Siku ya sherehe ikafika. Asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaamka, Sange alitoka na mtungi. Alirudi amechelewa, anahema, miguu ina tope jekundu. Walipomuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa anateka maji. Akaumimina mtungi kwenye chungu kikubwa, akakitenga chungu katikati ya uwanja wa kivukoni juu ya ngata nene, akaweka kata ya kifuu pembeni.

Watu wakajaa. Wengine walikuwa wanajikuna. Kifaru akaja na Nyati nyuma yake, akakaa kwenye kiti, kiti kikalia nyau. Akala nyasi changa. Akasifiwa mpaka masikio yakalala.

"Mzee wetu," Sange akasema, "watu wanataka kusikia kwa masikio yao. Mto huu ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Kifaru kwa sauti ya kutikisa majani. "Na maji yake ni yangu. Leo nyote ni wageni wangu. Kunyweni."

"Ahsante, mwenyeji." Sange akachota, akamletea kata kwa mikono miwili. "Basi tutolee sumu."

Watu wakacheka kidogo, vile wanavyocheka siku zote neno hilo likitajwa. Kifaru naye akacheka. Akaishika kata, akaiinua. Maji yalikuwa ya kijani, na harufu ilikuwa ile ya mashimo yake, ambayo aliijua kama anavyojua harufu ya kwapa lake.

Kata ikasimama njiani.

"Leo sina kiu," akasema.

"Tone tu, mzee. Ni adabu."

"Nyati ni mshirika wangu. Anywe yeye, ni kama nimekunywa mimi."

Nyati alitazama kwato zake. "Mimi leo nimesindikiza tu," akasema.

Kifaru akaiweka kata chini. Hapo Kidawa akainuka kwenye mkeka wake, mwembamba, tumbo halina manyoya, akajikongoja mpaka katikati. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na kiu tu.

"Kama mzee hayataki, nipeni mimi," akasema. "Mimi nimeyazoea."

Akaishika kata, akaipeleka mdomoni.

"Asinywe!" Kifaru akasimama, kiti kikaanguka. "Mtoto asinywe hayo!"

Sauti ikaenda mpaka ng'ambo ya mto, ikarudi. Hata ukungu ulikuwa kama umesimama kusikiliza.

"Kwa nini, Mwenye Mto?" Sange akauliza polepole. "Yametembea. Yamepita kwenye mawe, yamepita kwenye mchanga."

Kifaru akamtazama yule mtoto, na kwa mara ya kwanza akaliona lile tumbo.

"Kwa sababu najua ninachomwaga," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye.

Sange akaipokea kata kutoka kwa mwanawe. Akainywa yote mwenyewe, gudu, gudu, gudu, akafuta pua. Watu wakapiga kelele ya hofu. Akachota nyingine, akampa Kidawa, akamwambia anywe mpaka atosheke.

"Haya ni maji ya chemchemi, mzee," akasema. "Yale unayokunywa wewe. Nimeyafuata juu ya mashimo yako leo asubuhi. Ukijani ni mchicha niliouponda. Harufu ni ya hiyo ngata. Nimeisokota kwa taka zako, nikakitenga chungu juu yake. Maji masafi kabisa umeyakataa, kwa sababu ulidhani ni yale unayotunywesha sisi."

Nani aliyeanza kucheka, sijui. Nadhani ni Kambare, maana kicheko kilitoka majini. Kikapanda ukingoni, kikasambaa, mpaka Nyati akajificha nyuma ya kiti. Kifaru hakukasirika. Aliona aibu, na aibu ya mnyama mkubwa ni kubwa pia.

Na angekwenda wapi? Alishasema mbele ya watu wote kwamba mto ni wake na wao ni wageni wake. Mwenyeji hawezi kuwapa wageni kitu ambacho yeye hawezi kukionja. Mashimo ya ukingoni yakafukiwa, yakachimbwa mengine mbali na mto, kwenye ardhi kavu. Taka zikaanikwa, zikawa mbolea mashambani. Kamba hazikukoma, na vitanda vya bonde vinasukwa mpaka leo.

Mto haukupona siku moja. Tope la chini lilikuwa limeshika utomvu, likawa linauachia kidogokidogo, mvua kwa mvua, na muda wote huo Nyati ndiye aliyeteremsha mitungi ya chemchemi mpaka kivukoni. Kisha vyura wawili wakarudi, wakajaribu sauti. Manyoya ya Kidawa yakaanza kuota.

Asubuhi moja aliamka akajinyoosha, ukungu umejaa mlangoni.

"Mama, mto umekuja tena ndotoni."

"Umeuliza nini safari hii?"

"Haujauliza kitu," akasema Kidawa. "Umejilaza hapo mlangoni, umelala."

Funzo lake, wanangu, ni hili: usimpelekee mwenzako maji ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyatoa sumu.