Safu ya Majina katika Jedwali la Nne

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzi tu, siku ya Alhamisi, saa tatu kasorobo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha. Nataja siku, saa na hali ya hewa kwa makusudi. Mwishoni nitawataka hukumu, nanyi hamtaweza kuhukumu msipojua kipi kilitangulia kipi.

Saa hiyo Sekela Mwambipile aliingia katika ofisi ya masomo ya uzamivu akiwa ameikumbatia tasnifu yake. Alikuwa ameifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe akilowa. Alikuwa amechunguza maneno ya wanawake wafinyanzi wa kando ya ziwa, ambao kila hatua ya udongo wameipa neno lake, tangu unapochimbwa hadi chungu kinapotoka motoni. Maneno hayo alipewa na wanawake thelathini na mmoja. Aliyapanga yote katika Jedwali la Nne, na katika safu ya kwanza, kushoto kabisa, aliandika majina ya waliompa.

Nyuma ya meza aliketi Bwana Gervas Kapinga, mkaguzi wa tasnifu. Hoja hakuzisoma, hizo zilikuwa kazi ya maprofesa. Yeye alipima. Tasnifu ambayo haikupita chini ya rula yake ya chuma haikuwafikia watahini kamwe.

"Shikamoo, mzee Kapinga."

"Marahaba. Weka hapa. Hapo pana maji, weka hapa."

Akapima ukurasa wa kwanza, akanyamaza. Akapima wa pili, akanyamaza. Akaendelea kupima na kunyamaza hadi alipofika kwenye Jedwali la Nne, ndipo rula ikasimama.

"Pambizo la kushoto ni sentimita nne. Hili lako ni mbili na nusu."

"Jedwali ni pana, mzee. Lina safu saba."

"Basi libaki na sita. Toa majina. Wenzako wote huandika namba: mtoa taarifa wa kwanza, wa pili, wa tatu."

"Nikipunguza herufi?"

"Umekwisha kuzipunguza mpaka mwisho wa kanuni. Toa majina."

"Jina sikati," akasema Sekela.

"Nami pambizo sipunguzi," akasema Kapinga, akamrudishia.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa ya juma lililofuata, saa kumi jioni. Aliyechelewa alingoja mwaka mzima.

Sekela hakurudi bwenini. Alipanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, akamweleza. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe, akanyanyua simu. "Kapinga, mpitishe huyo binti. Sentimita moja na nusu ni kitu gani?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na Sekela akalisikia jibu lote. "Mheshimiwa, ukitaka ipite, shuka uweke sahihi yako mahali pa yangu. Mimi siweki."

Mkurugenzi akarudisha simu mahali pake. Hakushuka. "Binti," akasema, "si uyatoe tu hayo majina?"

"Jina sikati," akasema Sekela, akaondoka.

Sasa mjueni mtu wa pili. Hatibu Shekue alikuwa akiandika tasnifu ya historia, meza yake ikitazamana na ya Sekela katika chumba kimoja cha kusomea. Tasnifu yake nayo ilitakiwa Ijumaa ileile, saa ileile. Alikuwa amebakiwa na orodha ya marejeo tu, kazi ya siku nne kwa mtu mwangalifu. Alikuwa pia mtu pekee katika chumba kile ambaye kompyuta ilimtii.

Sekela hakumwomba kitu. Jumatatu asubuhi Hatibu alimwona akipima ukurasa kwa rula ya mtoto wa shule, akipima tena, kana kwamba karatasi ingeona haya na kujitanua.

"Nipe hilo faili."

"Na marejeo yako?"

"Marejeo hayana miguu. Lete."

Akalilaza jedwali ubavu, upana wake ukafuata urefu wa karatasi. Safu zote saba zikaenea, majina yakapata nafasi, pambizo likatimia. Lakini katika haraka yake alisahau kuutenga ukurasa ule na wenzake. Sura ya nne nzima ikalala ubavu pamoja na jedwali. Namba za kurasa zikaanza upya katikati ya kitabu, orodha ya majedwali ikaelekeza kwenye kurasa zisizokuwapo, na ukurasa wa yaliyomo ukatangaza kwamba hitimisho linatangulia utangulizi.

"Hongera," akasema Sekela. "Sasa nina tasnifu inayosomwa na mtu aliyelala."

"Cheka tu. Nimeivunja mimi, nitaiunga mimi."

Akaiunga, ukurasa baada ya ukurasa. Alimaliza Ijumaa adhuhuri. Saa kumi kasorobo Kapinga aliweka rula juu ya Jedwali la Nne, akaitazama, akaondoa miwani, akaivaa tena, akaitazama mara ya pili.

"Nne," akasema. Akatia sahihi.

Saa kumi mlango ukafungwa. Hatibu alikuwa bado mezani, marejeo yake yamefika herufi ya B.

"Ungeniacha, Hatibu," Sekela akamwambia.

"Nikuache ukate majina?"

"Nisingekata."

"Ndiyo sababu sikukuacha."

Hapo amepoteza mwaka. Shikeni hilo, twende mbele.

Miezi mitano baadaye ikafika siku ya utetezi. Ukumbi ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kusikiliza, kwa sharti moja: msikilizaji hasemi. Hatibu alikuja, akaketi mbele. Katika safu ya nyuma aliketi Mama Tulinagwe, mfinyanzi, mmoja wa wale thelathini na mmoja. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi, na furushi la kanga lilikuwa mapajani mwake. Nyumbani aliacha vyungu vya msimu mzima vikingoja kuchomwa, chini ya uangalizi wa mkwewe ambaye mikono yake ilikuwa bado haijaujua moto.

Mtahini wa nje, Profesa Kisamo, alisifu sura ya kwanza, akasifu ya pili na ya tatu. Kisha akafungua Jedwali la Nne.

"Mtahiniwa, desturi ya utafiti ni kumficha mtoa taarifa. Hapa umewaanika. Weka namba mahali pa majina, nitakupitisha leo. Ukikataa, tasnifu itarudi kwako kwa miezi kumi na miwili."

"Profesa, anayefichwa ni yule anayeweza kudhurika au aliyeomba kufichwa. Hawa niliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alitaka aandikwe."

"Hawakujua walichokuwa wakikubali."

"Walijua. Jina sikati."

Profesa akafunua kalamu yake. Ndipo Mama Tulinagwe akasimama.

"Mama, tafadhali keti," akasema mwenyekiti. "Msikilizaji hasemi."

"Mimi si msikilizaji. Humo ndani mmeniandika mtoa taarifa. Basi natoa taarifa."

Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Kisha akafungua furushi, akatoa chungu kidogo, akakipindua. Chini yake palikuwa na mikwaruzo mitatu na duara.

"Hii ni alama yangu. Kwetu kila mwanamke hutia yake kabla ya kuchoma, ili chungu kikipasuka ajulikane wa kulaumiwa, na kikidumu ajulikane wa kusifiwa. Lile neno la ufa unaotokea chungu kikikauka upande mmoja nimelisema mimi. Likiwa si kweli, nilaumiwe mimi. Wewe baba, jina lako nimelikuta pale mlangoni, limeandikwa kwa herufi kubwa. Mbona wewe hukuwa namba?"

"Mama, nilitaka kuwalinda."

"Dhidi ya nani? Aliyekuja kututoa ni wewe."

Mwenyekiti aliagiza atolewe nje, na akatolewa, chungu mkononi. Lakini Profesa Kisamo alilirudia jedwali, akasoma safu ya majina. Halafu akaandika, huku akitamka kila neno: "Majina yabaki."

Sekela akapita. Mama Tulinagwe alirudi nyumbani akakuta mkwe amechoma vyungu siku ya upepo. Vyote vilikuwa vigae.

Sasa sikieni desturi ya chuo kile. Tasnifu ikishatetewa hupelekwa kwa fundi wa majalada. Nakala ya kwanza ikitoka kwa fundi, daktari mpya huikabidhi kwa mtu mmoja, mbele ya baraza, na jina la mtu huyo huandikwa ndani ya jalada kwa wino. Nakala zote nyingine, na hata kitabu kitakachochapwa baadaye, hubeba jina hilo katika ukurasa wa tabaruku. Mtu mmoja. Si wawili, si watatu.

Siku ilipofika, Sekela alisimama mbele ya baraza akiwa na nakala ya kwanza, yenye jalada la rangi ya damu ya mzee. Aliwaalika watu watatu, na watatu wote wakaja, wala hakuna aliyekuja kwa unyonge.

Hatibu alitangulia kusema. "Ni yangu. Jedwali lilikuwa halina mahali pa kukaa, nikalipa mahali. Nimelipa mwaka wa maisha yangu. Mama huyu alilitetea jedwali ambalo, bila mimi, lisingefika ukumbini. Na mzee Kapinga amelipa nini? Wino wa kalamu nyekundu?"

"Sikulipa kitu," akasema Kapinga. "Nani amesema anayestahili ni aliyeumia?" Akafungua tasnifu nyingine aliyokuja nayo kwapani, iliyopitishwa na mwingine alipokuwa likizo. "Pambizo lake ni mbili na nusu, kama lile la kwanza la binti huyu. Haya, msomi, tusomee."

Hatibu akajaribu. Mwanzo wa kila mstari ulikuwa umezama kwenye mshono.

"Safu ya majina ingemezwa na uzi," akasema Kapinga. "Wote thelathini na mmoja. Mkurugenzi alitaka kuipitisha, nikamkatalia mkubwa wangu. Mliyahangaikia majina nyote, lakini mimi ndiye niliyeyazuia yasizikwe."

"Wewe ndiye uliyesema yatolewe!" Hatibu akadakia.

"Nilisema. Na ningelisema tena leo. Rula haimjui mtu, ndiyo maana haimwonei mtu."

Mama Tulinagwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Nyinyi wanangu mnagombea kitanda, mimi ndiye mtoto aliyelazwa juu yake. Mmoja alipima nafasi, mwingine akaitanua. Kalamu ya yule profesa ilipofunuliwa mlikuwa wapi? Huyu alikuwapo, akanyamaza." Akamnyooshea Hatibu kidole. "Mimi nilifukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani, nikaenda kuokota vigae."

"Msikilizaji hasemi, mama," Hatibu akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo. Na wewe ulitii."



Mkurugenzi akatazama saa yake. "Daktari Mwambipile, ipeleke maktaba, tumalize."

"Maktaba itapata ya pili," akasema Sekela. "Hii ina mwenyewe."

Akapiga hatua moja kumwelekea Kapinga, aliyemkatalia. Akasita. Akageuka kwa Hatibu, aliyempa mwaka bila kuombwa. Akasita. Akageuka kwa Mama Tulinagwe, ambaye neno lake na jina lake vilikuwa tayari ndani. Akasita tena, mikono ameinyoosha, tasnifu juu yake, nayo pamoja na jalada lake ilikuwa na uzito wa kilo mbili na robo.

Mimi mkono wangu naurudisha, sihukumu. Mpangilio mmeusikia wote, nanyi si watu wa kuogopa kusema. Je, ni nani kati yao aliyestahili kuwekewa mikononi zile kilo mbili na robo?