Hata Mshipa Hupigiwa Hodi

"Hata mshipa hupigiwa hodi." Mmeisikia leo wodini, mnataka kujua nani aliisema kwanza. Kaeni basi, wajukuu zangu mnaosomea udaktari. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwako mwanamke aitwaye Zamoyoni, miaka sita kwenye ndoa, hajashika mimba. Siku moja alikwenda hospitali kwa maumivu ya kichwa, mama mkwe akamsindikiza. Akampokea Kiango, mwanafunzi wa udaktari, kijana mwema mwenye haraka. Kiango alisoma faili, akaona ile miaka sita, akamhurumia. Akatoa damu ya kupima malaria, akajaza na kichupa cha pili, cha homoni. Hakusema ni cha nini.

Sasa nawategea kitendawili: nina mgeni, mwanzo wa mwezi kimya, kuelekea mwisho huimba. Ndiyo homoni ile inayoonyesha kwamba yai limetoka. Hupimwa kama siku saba kabla ya hedhi kurudi. Zamoyoni alikuwa siku ya tatu ya hedhi. Hakuulizwa, naye hakujua kuna la kusema.

Kipimo kikasoma chini. Kiango akatamka mbele ya mama mkwe: "Mayai hayatoki."

Wiki haikuisha, mume akaanza kutafutiwa mke mwingine.

Muuguzi mmoja mzee, Sista Mlekwa, alipoliona faili akaona tarehe ya hedhi haikuandikwa, akamwita Zamoyoni arudi. Mama mkwe akaombwa angoje nje. Kiango akaja na sindano, akaushika mkono.

Zamoyoni akauvuta. "Kwetu hata jirani anayekuja kuomba chumvi hubisha mlangoni, akangoja aitikiwe."

"Nilitaka kukusaidia, dada."

"Uliniuliza? Hata mshipa hupigiwa hodi, daktari."

"Umesikia, mwanangu," akasema Sista. "Vuta kiti."

Kiango akaweka sindano chini, akaketi. Akaeleza kipimo ni cha nini, nani atayasikia majibu, na kwamba anaweza kukataa. Kisha akauliza hedhi ilianza lini. Zamoyoni akahesabu kwa vidole.

"Basi leo siyo siku yake. Njoo Alhamisi, ukipenda."

"Nitafikiri."

Alhamisi alikuja peke yake, akanyoosha mkono. "Karibu," akasema.

Majibu aliambiwa yeye tu: yai lilikuwa limetoka. Lakini nyumbani mke wa pili alikwisha kuingia, na Kiango hakuwa na dawa ya hilo. Tangu siku hiyo, kila alipofika kitandani kwa mgonjwa alivuta kiti kwanza. Wenzake walipomcheka, aliwajibu kwa neno la Zamoyoni: hata mshipa hupigiwa hodi.