Fundi Aliyeacha Kugonga

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja katika meli iliyokwenda kusini kabisa mwa dunia, kule bahari inakoganda. Meli hiyo ilijengwa nyepesi. Ukuta wake ulikuwa bamba jembamba nje, bamba jembamba ndani, na katikati povu gumu lililoshikwa kwa gundi. Msiudharau! Barafu ikiupiga, bamba la nje linabonyea, kisha linarudi mahali pake, laini kabisa. Kipigo kinamezwa na povu. Lakini povu likishasagika, halirudi tena.

Sasa kwa macho utajuaje? Ndiyo maana kila asubuhi fundi alipita na kinyundo, akigonga na kutega sikio. Ukuta mzima hulia kwa ukali. Uliosagika hutoa sauti nzito, iliyokufa.

Asubuhi moja akaisikia sauti hiyo kwenye chumba cha mabaharia wawili. Akamkimbilia nahodha.

"Mzee, ukuta wa chumba kile umekufa ndani. Tuwahamishe wale wenzetu, turudi bandarini."

Nahodha akaenda, akaupapasa. "Umekufa wapi? Hauna hata mkwaruzo! Tumegongwa mara ngapi na bado tunakwenda? Acha kutia watu hofu na hicho kinyundo chako."

Fundi alijua alichosikia. Lakini nani anapenda kuitwa mwoga? Akanyamaza. Kesho yake hakugonga, wala keshokutwa. Wale mabaharia wakimsalimu, anaangalia chini.

Siku ya nne likaja pande la barafu, dogo tu, la ukubwa wa meza. Ukuta ukafunguka wote, maji yakaingia. Ili meli isizame, ilibidi mlango wa chuma ufungwe upesi. Wale wawili walikuwa bado upande wa pili, wanagonga. Aliyekaza komeo ni fundi.

Naona mnatikisa vichwa, mnamlaumu nahodha. Mwacheni nahodha. Sisi je? Humu kanisani umemuuliza mtu, "Hujambo?" Akajibu, "Sijambo," anatabasamu, na wewe ukasikia kabisa kwamba ile sijambo si nzima. Ulifanya nini? Ukasema, ya nyumba ya watu hayanihusu?

Mimi mchungaji wenu niliisikia sijambo kama hiyo mwezi uliopita kwa dada mmoja, hapo mlangoni, nikampa mkono nikamsalimia anayefuata. Jumanne tumemzika dada yule. Naumia, wapendwa, na sina pa kujificha.

Ibada ikiisha, msipange mstari kunisalimu. Yuko mmoja uliyemsikia. Mwendee huyo.