Kilima cha Nyangeta

Mwanamke mmoja, jina lake Nyangeta, alikuwa na kilima cha mawe meusi. Hakukichagua. Baba yao alipofariki, kaka yake Magoiga aligawa urithi mbele ya ukoo. Yeye alichukua bonde lenye udongo mzito, akampa dada yake kilima. Watu walicheka chinichini, kwa maana jembe likipigwa pale hurudi na cheche.

Nyangeta hakulalamika. Alijenga nyumba juu ya mawe yale, akafuga mbuzi, akawasomesha binti zake wawili.

Baada ya miaka ishirini ikaja habari ya barabara. Mkandarasi alitaka kukivunja kilima chote kiwe kokoto. Magoiga akaitisha kikao cha ukoo ili dada yake akubali.

Siku tatu kabla ya kikao alifika mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu, mwanamke aitwaye Tunsume. Alivunja kipande cha jiwe, akakiosha, akamwonyesha Nyangeta mistari mirefu iliyopishana ndani yake kama majani ya nyasi kavu. Akamweleza polepole. Jiwe hili lilikuwa uji wa moto uliopanda kutoka tumboni mwa dunia, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, wakati tumbo hilo lilikuwa na joto kali kuliko la sasa. Lilitiririka kama maji, kisha likapoa upesi, na mistari ile ni alama ya kupoa kwake. Volkano za leo hazitoi tena jiwe la namna hii. Dunia imepoa.

"Mama, umekaa juu ya moto ambao hautawaka tena," alisema Tunsume. Kisha akamwonyesha jinsi mvua za miaka isiyohesabika zilivyolimega jiwe lile, zikaliteremsha bondeni likiwa udongo.



Kikaoni Magoiga alizungumza kwa muda mrefu. Alisema kilima hakijawahi kumlisha mtu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nyangeta akasimama, kanga yake ameifunga vizuri, mgongo umenyooka.

"Kaka, nakuheshimu," alisema. "Lakini udongo unaoulima ni kilima changu kilichotangulia kushuka."

Akaendelea kwa sauti ileile kwamba barabara ni ya wote, kwa hiyo mawe yaliyokwisha kuporomoka wayachukue bure. Mgongo wa kilima hautaguswa.

Magoiga alitazama viganja vyake, ambavyo bonde lilikuwa limevilisha maisha yake yote. Mwishowe akasema, "Dada amesema kweli. Iandikwe hivyo."

Barabara ilijengwa, nayo inapinda ikifika pale. Walimu huleta wanafunzi, na Nyangeta huwatangulia kupanda na ndoo ya maji, akaliosha jiwe mbele yao ili waone. Magoiga naye hupanda siku hizo. Husimama nyuma ya watoto, amevua kofia, akimsikiliza dada yake.

Ndugu zangu, wapo waliowaka kabla yetu, wakapoa, wakamegeka, ndipo sisi tukapata pa kulima na pa kusimama. Mkipita mbele ya milango yao, huwa mnaona mawe tu?