Mito ya Ghalibu Muuza Usingizi

Nilivyopewa ndivyo ninavyowapa, sikuongeza ila chumvi kidogo. Alikuwapo katika mji wa Tamarani sultani aliyeitwa Hirithi bin Mudhafari, mtu wa haki na wa hasira za polepole, na katika enzi yake soko la Tamarani lilijaa hariri na udi na vyombo vya shaba, na wachuuzi wake walisifika kwa ulimi mtamu kuliko kwa mizani iliyonyooka. Mmoja wao alikuwa Ghalibu bin Nasoro, muuza mito, mtu wa makamo asiyekuwa na mke wala mtoto, mpole, asiyemdhulumu mtu kwa kusudi, ila alipenda mambo yake yaende bila maneno mengi.

Siku moja Ghalibu alikuwa akivuka jangwa na punda wake, akamkuta ndege mkubwa wa rangi ya zafarani amenaswa katika miiba, na alipomkwamua, ndege akanena kwa ufasaha.

"Ewe mwanadamu, mimi ni jini, niliyeadhibiwa na mfalme wetu nivae mabawa, nawe umenitendea hisani ambayo majini wenzangu walininyima. Kila mwezi uandamapo nitakuja uani kwako nipukutishe manyoya, uyatie katika mito, na kila atakayeilalia atapata usingizi usio na ndoto mbaya. Lakini shika neno langu. Manyoya haya hayapatani na unyevu. Yakinywa unyevu, usingizi wake hukaza, na mlalaji haamki. Kila umuuziaye, mwambie auweke mto wake mkavu. Umesikia?"

"Nimesikia na nimetii," akasema Ghalibu.

Kusikia alisikia. Mnunuzi wa kwanza alipokuja, akaupapasa mto na kuusifu na kutia mkono mfukoni, Ghalibu akaanza, "Ila mto huu, bwana..." na yule bwana akautoa mkono mfukoni akauliza, "Mto huu una nini?" Ghalibu akautazama ule mkono mtupu, akajibu, "Una usingizi mzuri." Mto ukauzika. Na jioni akajituliza moyo akisema, "Hapa Tamarani kila Ijumaa asubuhi wanawake huanika mito darini, na asiyeanika husutwa mpaka na mama mkwe wa jirani. Nimfundishe mtu kazi anayoifanya tangu utotoni ya nini? Jua litanisemea."

Na jua likamsemea kiangazi kizima. Mito ikaenda nyumba za wakubwa na za wadogo, hata ikapanda kasri, na Ghalibu akajenga ghorofa na kuezua duka lake la zamani kuezeka jipya, na watu wakamwita Muuza Usingizi.

Kisha masika yakaingia. Mvua ikanyesha usiku na mchana, kuta zikatoa ukungu, na madari ya Tamarani yakabaki matupu Ijumaa hii na Ijumaa ile.

Asubuhi moja akaja dukani Bi Zamzamu, mjane aliyekuwa akioka mikate ya ajemi katika tanuri lake pembeni mwa soko, buibui limemlowa mwilini. Alikuwa na binti mmoja tu, Tunu, ambaye kila apitapo na sinia la mikate humwita Ghalibu "Mjomba Mito".

"Ghalibu, Tunu haamki," akasema. "Nimemwita, nimemnyunyizia maji, nimemsomea. Hana homa, anapumua tu. Hakuna kipya kitandani mwake ila mto wako. Mto huo una nini?"

Swali ni lile lile, na Ghalibu akajibu jibu lile lile. Bi Zamzamu akamtazama, akajifunika, akatoka.

Kufika adhuhuri habari zikawa zimeenea kwamba nyumba hii wamelala, na ile wamelala. Ghalibu akafunga duka, akakimbilia nyumbani, akampakia punda mali yake ili atoke mjini kabla hajatajwa. Na juu ya ukuta wa ua akamwona ndege wa zafarani, ametota, anamtazama.

"Wataamka?" akauliza Ghalibu.

"Mlalaji huamka mto wake ukikauka, kwa jua au kwa moto," akasema jini. "Lakini sharti uondolewe chini ya kichwa chake na mkono uliouuza, na mwenye mkono huo aseme mbele ya watu wa nyumba kile alichokijua."

"Nimtume wakili wangu."

"Wakili ndiye niliyemwambia?"

Ghalibu akauliza, "Nisipokwenda?"

"Jua halitatoka mwezi huu. Na aliyelala hali chakula. Mtoto ndiye atakayetangulia."

Lango la mji lilikuwa wazi, na punda alikuwa tayari. Ghalibu aliogopa, tena aliogopa sana, maana alijua hasira za sultani. Lakini lile jina la Mjomba Mito halikumtoka masikioni, na mikono yake ikaanza kufungua kamba za mzigo.

Akaenda kwa Bi Zamzamu, akasimama kando ya kitanda cha Tunu, akasema, "Bibi, manyoya haya yakipata unyevu humlaza mtu asiamke. Niliambiwa niseme, sikusema. Niliona mnaanika, nikategemea jua."

"Na nani aliyekuambia masika hayaji?" akauliza Bi Zamzamu.

Ghalibu akauvuta mto chini ya kichwa cha Tunu. Mwanamke akajifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Lete mto," akasema. "Kulia nitalia baadaye. Tanuri lina moto."

Wakaukausha mdomoni mwa tanuri, yeye akichochea na Ghalibu akiugeuza hadi vidole vikambabuka, na mto ulipokauka Tunu akakohoa, akafumbua macho akauliza kama mikate imekwisha. Hapo ndipo Bi Zamzamu alipolia.

Kisha Ghalibu akazunguka nyumba kwa nyumba mvuani, na kila kizingiti akasema maneno yale yale, na wako waliomtemea mate, na wako waliompiga makofi, na mzee mmoja alimmwagia maji ya kuoshea samaki, naye akapokea yote na mto juu yake, akaubeba hadi tanurini. Mwisho akapanda kasri, kwa kuwa mama yake sultani naye alikuwa amelala.

Mama alipoamka, Sultani Hirithi akaketi kitini pake, akamwita Ghalibu mbele ya baraza.

"Ulijua?"

"Nilijua, bwana wangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani jua litanisemea."

"Jua si mtumwa wako, Ghalibu. Analojua mwenye duka, mnunuzi atalijuaje? Ungalikimbia, ningalikufuata hadi mwisho wa nchi. Lakini umekuja kwa miguu yako, na mlango wangu umeuacha wa mwisho, ukatanguliza maskini. Basi tangu leo wewe ndiwe msimamizi wa soko langu, na mtu asiuze kitu Tamarani ila amtajie mnunuzi kasoro yake kwanza, na bei baadaye. Atakayekiuka, wewe utamjua, maana njia zake umezipita."

Ghalibu akawarudishia watu wote haki zao, hata ghorofa ikauzwa. Kisha akaanza upya, akishona mito yenye maneno ya uzi mwekundu: *Niweke mkavu. Masika, nikaushe kwa moto.* Na ajabu, watu wakainunua kuliko mwanzo, na wageni wakaja kutoka miji ya mbali kununua Tamarani, kwa kuwa huko mtu huambiwa.

Mwaka ulipogeuka akaenda kwa Bi Zamzamu, amevaa joho, akakohoa kidogo, akaposa. Bi Zamzamu hakuacha kukanda unga wake.

"Kasoro kwanza," akasema.

Ghalibu akafikiri. "Nakoroma. Nachelewa kusema jambo zito. Na nikiogopa, hupakia punda."

"Na bei?"

"Sina bei. Natolewa bure."

"Mimi nina ulimi," akasema Bi Zamzamu, "na siusitiri. Umesikia?"

"Nimesikia na nimetii," akasema Ghalibu, na safari hii alitii.

Wakaoana, na Tunu ndiye aliyebeba sinia la mikate ya harusi. Yametoka kwangu yameingia kwenu. Nanyi mkiyapeleka mbele, mtangulize kasoro: msimulizi wake ni mtu wa maneno mengi.